Ramani ya Kumdanganya Adui

Mliolala wiki nzima mkimwaza Afande Sufuria kwenye kiti chake cha plastiki, ndoo ya kijiko cha kuchimbia ikining'inia juu ya kitambaa chake cha kichwa, pumueni. Hakupondwa. Mwanamke aliyewapikia wanajeshi miaka ishirini na sita hapondwi na chuma kinachoendeshwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Shusha," Mkurugenzi wa Mradi alirudia. "Ndoo ikikaribia atakimbia tu."

Dereva wa kijiko alimtazama Mkurugenzi, akamtazama mama yake, kisha akazima injini.

"Imezimika yenyewe?"

"Nimeizima mimi, bosi. Yule ni mama yangu."

"Hapa kazini hakuna mama."

"Basi wewe ulishuka na mvua," Afande Sufuria alijibu kutoka kitini, bila kuinua macho. Alikuwa anashona kifungo cha shati, na uzi ulikuwa bado kati ya meno.

Wafanyakazi walicheka chini ya kofia zao. Mkurugenzi aligeuka kuona nani amecheka, akakuta watu arobaini wanatazama viatu.

Pembeni alisimama mkwe wa bibi huyo, mke wa dereva, mpima ardhi wa mradi. Wafanyakazi wanamwita Mama Vigingi, kwa kuwa hakuna pembe ya eneo lile ambayo hakuipigilia kigingi kwa mkono wake. Alikuwa na kalamu mfukoni na fomu isiyosainiwa mkononi, na Mkurugenzi tangu asubuhi alikuwa akitaka vitu hivyo viwili vikutane.

Kama ndiyo kwanza unaishika hadithi hii, mambo ni mafupi. Jeshi lilihama kambi. Wakubwa wakaamua kambi iwe uwanja wa ndege wa kimataifa. Siku hiyo, saa tano asubuhi, Waziri angeweka jiwe la msingi la matangi ya mafuta ya ndege, na kijiko hakiruhusiwi kugusa udongo mpaka mpima asaini kwamba chini hakuna kitu.

Afande Sufuria anasema kipo, na ndiyo maana amekalia kiti pale. Ghala la chini ya ardhi, lenye mabomu ya zamani. Malori yalibeba kila kitu siku tatu mfululizo, hata masufuria yake, lakini ghala lile lilichomelewa mlango, likafukiwa, likaachwa. Anajua kwa sababu yeye ndiye aliyewapelekea walinzi wake chakula mpaka siku ya mwisho.

Ramani ya jeshi inasema ghala liko kaskazini kabisa, karibu na uzio. Walichimba huko wiki nne. Walipata kopo la samaki na soli ya buti. Mkurugenzi akatangaza kwamba eneo zima ni safi. Ndivyo akili yake inavyofanya kazi: akikosa ufunguo mfukoni, basi nyumba haina mlango.

"Saini," alimwambia Mama Vigingi.

"Sisaini."

"Wewe una diploma, siyo?"

"Ninayo."

"Mimi nina shahada mbili. Na zote mbili zinasema ramani yenye muhuri ni ramani."

"Kati ya hizo mbili, ipi iliwahi kuliona ghala?"

Mkurugenzi alivuta pumzi. Alikuwa na kofia nyeupe ya ujenzi ambayo haijawahi kuonja vumbi, na redio mbili kiunoni ambazo huzungumza nazo zote mbili kwa wakati mmoja bila kujibiwa na yeyote. Alimsogelea, akateremsha sauti, akajaribu huruma.

"Mama, ajira za kudumu zinatangazwa mwezi ujao. Wewe na mumeo mnaishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Fikiria watoto."

"Watoto ndio ninaowafikiria. Anayekaa kwenye hicho kijiko ni baba yao. Ndoo ikigonga bomu, hutakuwa wewe wa kwanza kulisikia."

"Hakuna bomu. Mwiteni Kapteni."

Kapteni mstaafu ndiye mshauri wa usalama wa mradi. Alitumikia kambi hiyo hiyo miaka mingi, na alilipwa mshahara mpya kwa kuijua kambi ya zamani. Alikuja akitembea kama ameitwa gwaride, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alipomwona mpishi wake wa zamani kwenye kiti, mkono wake ulianza kupanda kupiga saluti, akaugeuza ukawa wa kujikuna sikio.

"Afande Sufuria," alisema.

"Kapteni. Bado unakunywa chai ya kupoa?"

"Mambo ya zamani hayo, mama."

Mama Vigingi hakutaka salamu ziwe ndefu. "Kapteni, mlingoti wa bendera nimeupima. Uko palepale ramani inaposema. Tangi la maji, palepale. Nyumba za maofisa hazikosei hata shubiri. Ghala peke yake ndilo limepotea. Kwa nini?"

"Mimi nilikula kiapo."

"Cha kutosema nini?"

"Nikikuambia, nitakuwa nimesema."

"Ndivyo alivyo huyu," Afande Sufuria alisema, akikata uzi kwa meno. "Ukimuuliza kama chai iongezwe sukari, anauliza nani anataka kujua."

Kapteni alikohoa. Alimtazama Mkurugenzi, akatazama mbali. "Ninachoweza kusema, adui hupita juu. Kinachoonekana kutoka juu hakuna faida kukichora uongo."

"Na kisichoonekana?"

"Leo jua kali."

 Mama Vigingi alimgeukia Mkurugenzi. "Umesikia?"

"Nimesikia jua kali."

"Mlipewa ramani iliyochorwa kumdanganya adui, mkaiamini. Adui mwenyewe angeuliza kwanza."

"Hii ni hati rasmi," Mkurugenzi alisema, akigonga muhuri kwa kidole. "Unataka nimwambie Waziri kwamba nimeacha hati rasmi nikafuata kumbukumbu za mpishi?"

"Mwambie lolote. Yeye anakuja kwa saa moja. Sisi ndio tunachimba."

Saa ilikuwa tatu na nusu. Mkurugenzi alikwenda kando kuongea na redio zake. Hapo ndipo Afande Sufuria aliposema neno ambalo hakuna aliyelipangia.

"Nataka msalani. Nani atanikalia kiti? Nikiinuka tu huyu mwenye kofia nyeupe ataniponyoka."

"Nitakaa mimi," Kapteni alisema.

Alikaa. Alikaa upesi, akajinyoosha, akakunja nne. Akatoa gazeti mfuko wa nyuma, akalifungua ukurasa wa michezo.

Afande Sufuria alikwishapiga hatua kumi alipovutwa mkono na Mama Vigingi.

"Mama, ngoja. Una hakika ghala liko hapa?"

"Kama ninavyolijua jina la mwanangu."

"Mtazame Kapteni."

Mama mkwe aligeuka akatazama. Kapteni alikuwa analamba kidole ili afunue ukurasa.

"Ameketi kama yuko sebuleni kwake," Afande Sufuria alisema taratibu.

"Mtu anayejua mabomu yalipo hakai juu yake akakunja nne."

   Siku tatu bibi alikuwa amekaa mbele ya chuma, akatukanwa, akapigwa picha, akaitwa kikwazo cha maendeleo. Na alikuwa amekaa mahali pasipo na kitu.

"Basi nimepotea," alisema. "Wamekata miti, wamevunja mabweni, wamesawazisha ardhi. Macho hayana pa kushika, mkwe wangu. Nilikisia."

"Miguu je?"

"Miguu inajua. Lakini si mitupu."

"Maana yake?"

"Nilikwenda kule mara tatu kwa siku, sufuria kichwani. Nilihesabu, maana shingo ilikuwa inauma na nilitaka kujua imebaki kiasi gani. Mia na themanini, napumzika. Mia na themanini, napumzika. Mia na arobaini, walinzi wanapokea. Sufuria imejaa. Mtu mwenye sufuria tupu hutembea kama msichana anayetazamwa. Hizo hatua hazina hesabu."

Mama Vigingi alikwishaanza kutembea. "Twende tukatafute sufuria."

"Na msalani?"

"Anza msalani."

*

Jiko la zamani la kambi ndilo sasa ofisi ya wapimaji. Masizi bado yako darini, na meza ya Mama Vigingi imewekwa mahali palipokuwa na jiko kubwa la kuni. Walitoka hapo, kizingiti kilekile, na sufuria ya lita ishirini iliyoazimwa kantini, imejaa maji mpaka ukingoni.

"Lete kichwa," Afande Sufuria alisema.

"Mimi?"

"Unataka nibebe mimi? Nina miaka sabini na mitatu. Hatua zangu za leo ni nusu ya zile. Wewe tunalingana kimo. Nilikupima siku unaletwa nyumbani. Nilisema huyu hata asipojua kupika, nguo zangu zitamfaa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeringa."

Kwa hiyo mpima ardhi mwenye diploma, mwenye chombo cha miguu mitatu kinachopima kilomita bila kukosea unene wa kucha, alikiacha chombo hicho kwenye kona, akajitwisha ngata na sufuria, akatoka nje mbele ya kadamnasi.

"Tangi la maji liwe bega la kushoto," mama mkwe aliamuru. "Usinyooshe goti hivyo. Kilikuwa chakula cha watu kumi na wawili, si kikapu cha maua. Hesabu kwa sauti."

"Moja. Mbili. Tatu."

Maji yalimtiririka shingoni. Kwenye mashine ya kuchanganya zege, mafundi waliacha kazi.

"Mama Vigingi, unauza maji?"

"Nauza akili. Wewe huna chombo cha kuibebea. Arobaini na sita. Arobaini na saba."

"Mume ameshindwa kukulisha?"

"Themanini," Afande Sufuria alidakia kwa niaba yake, "na wewe unayeuliza, mkeo alikuja kwangu juzi kuazima chumvi. Themanini na moja."

Hakuna aliyeuliza tena.

Mia na themanini, walipumzika. Mama Vigingi alipigilia kigingi. Bibi aligeuka mpaka mlingoti wa bendera ukakaa katikati ya macho yake, akanyoosha kidole. Kidole kilielekea moja kwa moja kwenye kontena la ofisi ya Mkurugenzi.

"Tulizunguke," Mama Vigingi alisema.

"Ukizunguka umeharibu. Halikuwepo wakati wangu. Pita."

Ofisi ya Mkurugenzi ina milango miwili, mmoja wa wageni na mmoja wa kuwakimbia wageni. Waliingia kwa wa kwanza. Katibu muhtasi wake, dada mwenye kucha ndefu na subira fupi, aliinua miguu kitini wapite.

"Mkurugenzi hayupo."

"Tunapita tu. Mia moja na tisa. Mia moja na kumi."

"Mnalowesha zulia."

"Litakauka. Mia moja na kumi na mbili."

"Mkimtaka, yuko hemani," katibu alisema. "Shimo limehamishwa."

Mama Vigingi alisimama. Maji yaliruka ukingo wa sufuria yakamshukia begani.

"Shimo gani?"

"La jiwe la msingi. Amesema bibi akalie kiti chake mpaka azeeke. Jiwe linaweza kuwekwa popote, matangi yatakuja baadaye. Wanachimba mbele ya hema la wageni, Waziri asitembee mbali."

"Nimeshazeeka," Afande Sufuria alisema. "Ametumia mfano mbaya."

"Wanachimba kwa ruhusa ya nani? Fomu ninayo mimi."

"Hiyo ni nakala moja, mama. Alichapa nyingine. Imerudi imesainiwa, nimeipiga muhuri mimi mwenyewe dakika ishirini zilizopita."

"Imesainiwa na nani?"

Katibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe?"

Mpima mwenye leseni kwenye mradi ule ni mmoja tu, na alikuwa amesimama pale na sufuria kichwani. Mama Vigingi alitaka kuitua akimbie. Mkono wa mama mkwe ulimshika kiuno.

"Mia moja na kumi na mbili," bibi alisema. "Ukikimbia hatutajua. Ukifika kule bila kujua ghala liko wapi, utamwambia aende mbele au arudi nyuma?"

Ndivyo ilivyo kuishi na mama mkwe. Mwaka mzima unamwomba Mungu huyo mama akosee, na siku unayomhitaji akosee, yuko sawa.

"Mia moja na kumi na tatu," Mama Vigingi alisema, meno yameumana.

Walitoka kwa mlango wa kuwakimbia wageni. Mia na themanini. Kigingi. Hawakupumzika. Bibi aligeuka mara ya mwisho, tangi la maji nyuma ya sikio la kulia, na hakuhitaji kunyoosha kidole. Mbele yao lilisimama hema jeupe lenye viti vya kitambaa na maua ya plastiki, na ng'ambo ya hema shingo ya kijiko ilipanda na kushuka.

"Hapana," Mama Vigingi alisema.

"Hesabu."

"Mama, ni pale pale."

"Hesabu, mwanangu. Labda ni kando. Labda Mungu ametuachia hatua ishirini."

Alihesabu. Thelathini, injini ikinguruma. Sitini, waliona mgongo wa Mkurugenzi na msemaji wa mradi akipiga picha udongo. Tisini, aliona mkono wa mume wake kwenye chuma cha kuendeshea, mkono ule anaoujua kuliko wake mwenyewe, ukivuta na kusukuma bila wasiwasi wowote. Mia. Mia na kumi, wakapita kati ya safu za viti. Mgeni mmoja aliyewahi mapema alisogeza magoti. Mia na ishirini.

Mia na thelathini na moja ilimfikisha kwenye ukingo wa shimo. Hakukuwa na mahali pengine pa kuweka mguu.

"Tisa zimebaki," Afande Sufuria alisema.

Walitazama wote wawili hatua tisa mbele. Pale ndipo palipokuwa na minyororo ambayo kijiko hutembelea.

"Zima," Mama Vigingi alipaza sauti, na wakati huohuo ndoo iligonga.

Haukuwa mlio wa jiwe. Jiwe hulia mara moja likanyamaza. Huu uliendelea chini ya viatu vyao, ukaenda mbali, ukarudi, kama mtu amegonga tangi tupu.

"Ni mwamba tu," Mkurugenzi alisema. "Gonga tena."

"Ukigonga tena," Afande Sufuria alimwambia mwanawe, "nitakuja huko juu nikuchape mbele ya wageni."

Mume wa Mama Vigingi aliacha ndoo ilipo. Chini ya udongo mwekundu ulionekana uso wa kijivu, laini, ulionyooka. Zege. Na kwenye zege, ufa mwembamba ulianza mdomoni mwa ndoo, ukatembea polepole kuelekea kwenye minyororo, ukapita chini yake.

Hapo watu waliona kitu ambacho kambi nzima haikuwahi kukiona. Kapteni alikuwa anakimbia. Gazeti liliachwa kitini kule, kofia ilidondoka njiani, na kiapo, naona, kilidondoka pamoja nayo.

"Asisogee," alikuwa anaita toka mbali. "Asisogee, na asishuke. Hapo ni juu ya chumba cha kwanza. Dari ni jembamba upande huo. Uzito ukihama tu, linavunjika."

"Sasa umekumbuka," Afande Sufuria alisema.

"Nilijua watachimba kule. Kule hakuna kitu. Nani kawaambia mhame? Nilikaa kule makusudi ili wachimbe kule."

"Ungesema."

"Nilikula kiapo, mama."

"Na mwanangu angekula nini?"

 Wageni hawakungoja Kapteni ajibu. Viti vilianguka, maua ya plastiki yakakanyagwa, na dakika moja baadaye hema lilikuwa na upepo tu. Msemaji wa mradi alionekana kwa mbali akiikumbatia kamera kama mtoto.

Mkurugenzi alibaki. Msidhani ni ushujaa. Alibaki kwa sababu alikuwa amekwishaanza kufikiria nani atalaumiwa, na mtu huyo alikuwa mbele yake. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaishika juu ili Kapteni aione, na mafundi waione, na kila mtu aliyesimama umbali wa usalama aione.

"Mnashuhudia," alisema. "Mimi nilichimba kwa kibali. Mpima alithibitisha kwamba eneo ni salama. Hii ni saini yake."

"Sijasaini chochote," Mama Vigingi alisema. Aliitua sufuria chini. 

"Si jina lako hili?"

"Lete niione."

Alimpa. Muhuri ulikuwa bado mbichi, ukamwachia wino kidoleni. Na juu ya mstari, jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, herufi zote mahali pake. Ila herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliorudi kushoto chini ya jina zima.

Yeye hana mkia. Hajawahi kuwa nao.

Lakini kila mwisho wa muhula, anapokuwa porini na vigingi vyake, ripoti za shule za watoto hurudi nyumbani zinataka saini ya mama. Na kila muhula huzikuta kabatini zimeshasainiwa kwa jina lake, kwa mkia uleule uliorudi kushoto, na hucheka, na husema, baba watoto, siku moja utaniuza kwa saini hii.

Aliinua macho.

Mume wake alikuwa anamtazama kupitia kioo cha kijiko. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya vyuma, haitikisiki, maana sasa ikitikisika tu wamekwisha. Jasho lilikuwa limemjaa usoni, na hakuweza kulifuta.

Ajira za kudumu zinatangazwa mwezi ujao. Kumbe mume wake naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo. Kumbe yeye alisikia.

"Ni nini, mkwe wangu?" Afande Sufuria aliuliza. Hawezi kusoma bila miwani, na miwani ilikuwa kwenye kiti chake. "Ni nani aliyeandika?"

Barabarani, nyuma ya hema, msafara wa Waziri uliingia getini. Magari sita meusi, taa zimewashwa saa tano asubuhi. Mkurugenzi aliyaona, akainyoosha tai yake, akasogea hatua mbili karibu na Mama Vigingi ili jibu lake lisikike vizuri.

"Nauliza mbele ya mashahidi," alisema. "Ukisema ni yako, hili ni kosa lako, na utalibeba. Ukisema si yako, basi kuna mtu hapa ameghushi kibali cha serikali, na leo hii analala ndani. Ni yako au si yako?"

Milango ya magari ilianza kufunguliwa. Chini ya minyororo ya kijiko ufa ulilia, na mashine nzima, pamoja na baba wa watoto wake, ikashuka shubiri moja. Mume wake hakuangalia ufa. Alikuwa anamtazama yeye, na polepole sana, bila kusogeza mabega, akatikisa kichwa, kama anayesema usilibebe.

Mama Vigingi alikunja fomu mara mbili. Akafungua mdomo. Alichosema, mtakisikia wiki ijayo.